Ukibisha, Tazama Tezi

Msimu wa kusi ukishika, anayetaka kutoka Mkokotoni kwenda Mji Mkongwe kwa tanga hana njia ya mkato. Upepo unatoka kule kule anakokwenda. Mkondo wa bahari, ambao katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, nao huongezeka nguvu miezi hiyo. Wenye mashine wanampita wakimpungia mkono. Yeye anakumbuka bei ya petroli na kupata faraja kidogo, lakini faraja haimfikishi mjini. Hana budi kubisha: aende upande huu, apindue, aende upande ule, akiupanda upepo kidogo kidogo.

Vyombo vikubwa vya zamani dawa yao ilikuwa subira. Majahazi ya Ghuba yalishuka huku na kaskazi na kurudi kwao na kusi, basi. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Unguja na delta ya Rufiji kwa utaratibu huo huo. Hata Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kilipokwenda Unguja mwanzoni mwa 2019 kilisafiri majira ya kaskazi, upepo ukiwa mgongoni. Mvuvi hana nafasi hiyo. Ametoka alfajiri, na samaki wake wanatakiwa wafike mnadani leo, si Desemba. Nawaandikia watu wa namna yake: wenye mashua, madau na ngalawa za tanga la pembetatu, wanaotaka chombo kiupande upepo vizuri zaidi bila kuuza shamba la mikarafuu.

Chombo kinachoshindwa kubisha, mara nyingi tatizo lake si omo kuwa mbali na upepo. Tatizo ni kwamba kinachukuliwa pembeni. Nahodha anatazama mbele, anaona omo imeelekea anakotaka, anaridhika. Lau angegeuza shingo akatazama tezi, angeona povu la nyuma halikunyooka na mkuku. Linatokea ubavuni, upande wa joshi, kwa sababu chombo chake kinatembea kama kaa.

Hesabu yake inatisha kidogo. Tuseme unakokwenda ni maili 10 za baharini, na upepo unatoka huko huko. Chombo kinachoshika nyuzi 60 kutoka kwenye upepo, kikaenda kweli pale omo inapoelekea, kitatembea maili 20 mpaka kifike. Sasa kiongezee nyuzi 15 za kuchukuliwa, kiasi ambacho si cha ajabu kwa chombo chenye chini bapa na tanga lililochoka. Njia yake halisi imekuwa nyuzi 75, na zile maili 20 zimekuwa karibu 39. Omo haikubadilika hata kidogo. Nahodha anaona mambo yote sawa, na jua linamtulia Mangapwani.

Ukijaribu kutibu hali hiyo kwa kuipandisha omo kwa nguvu, unaiharibu zaidi. Mkuku na ubavu ulio chini ya maji hufanya kazi ya bawa, na bawa halina nguvu bila mwendo. Nguvu yake ya kuzuia hufuata mraba wa mwendo: mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Ukikisogeza upeponi kupita kiasi, chombo kinapoa, maji yanashindwa kukizuia, na tanga bado linakisukuma ubavuni. Kitakachofuata ni kuteleza kwa pembe kubwa zaidi. Kwa hiyo kile unachodhani umekipata mbele umekitoa nyuma, na mara nyingi umetoa zaidi. Chombo kinachokwenda noti 5 kwa njia halisi ya nyuzi 65 kinaupanda upepo kwa noti 2.1, kinachokwenda noti 4 kwa nyuzi 60 kinapata 2 tu. Mwendo kwanza, pembe baadaye. Kila ukimaliza kupindua, kiache chombo kiende chini kidogo mpaka kipate kasi, ndipo ukipandishe taratibu.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pima. Pigilia msumari katikati ya chombo, mita moja mbele ya ubao wa tezi, sawasawa na mstari wa mkuku. Kwenye ubao wa tezi chora alama ya katikati, kisha alama nyingine kila baada ya sentimita 9, kulia na kushoto. Kila hatua ni takriban nyuzi 5. Wenye madau yaliyochongoka nyuma walaze kipande cha ubao wakichore hivyo hivyo. Funga mshipi mwembamba kwenye msumari, uachie nyuma mita 20 hivi, mwishoni umefunga kitambaa kidogo cha kuunyoosha. Usiweke chubwi zito. Litauzamisha mshipi na kukudanganya. Bisha kama kawaida yako, maji yakiwa tulivu, usukani umeushika vizuri, kisha soma mshipi umeangukia alama ipi. Ukisoma nyuzi 5, chombo chako ni kizuri, mshukuru fundi aliyekiunda. Ukisoma 10 au zaidi, endelea kusoma makala haya.

Ukiwa huko huko, pandisha omo polepole huku mwenzio akiutazama mshipi. Mtaona unavyohama kutoka alama hadi alama kadiri mwendo unavyokufa. Fanyeni jaribio hilo mbele ya mabaharia wote; linamaliza ubishi ambao maneno hayaumalizi. Jueni tu kwamba mshipi hauonyeshi mkondo, maana mkondo unauchukua mshipi pamoja na chombo. Habari ya mkondo ina mahali pake.

Dawa ya kwanza ni chini kuwe safi. Subiri bamvua, kipandishe chombo kwenye mchanga maji yakiwa juu, yakipwa ukilaze ubavu mmoja. Kwangua, piga moto wa makuti ubao ukauke na wadudu wafe, kagua kalafati, kisha paka chokaa na shahamu kama walivyofanya waliotangulia, au rangi ya kuzuia uoto kama mfuko unaruhusu. Watu hungoja mpaka waone makome. Huko ni kuchelewa, kwa sababu hata ule utando wa kijani unaoteleza mkononi unaiba mwendo, na nimeshasema mwendo ukiibiwa nini kinafuata. Usisahau msukani. Bawa lako la pili ni hilo, na ndilo linalosahauliwa, labda kwa vile liko mahali pa kukwaruza vidole.

Halafu fua maji ya ngama. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na maji hayo hayatulii: chombo kikilala tu, yanakimbilia upande wa demani na kukilaza zaidi.

Sasa tanga. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu akiona chombo hakipandi upepo hufikiri anahitaji tanga kubwa. Tanga kubwa litamsukuma zaidi pembeni. Anachohitaji ni tanga lenye umbo.

Lala chali chini ya tanga likiwa limejaa upepo, utazame juu. Vuta kwa macho mstari ulionyooka kutoka kwenye foromali hadi ukingo wa nyuma, kisha kadiria tumbo limeingia ndani kiasi gani. Likiwa na kina cha moja ya kumi ya urefu wa mstari huo, ni zuri kwa upepo wa kati. Moja ya nane ni tumbo la kwenda na upepo au la upepo mwepesi wenye mawimbi. Upepo ukikaza, unataka moja ya kumi na mbili hivi. Muhimu kuliko kina ni mahali tumbo lilipo. Liwe mbele, kama theluthi moja ya njia kutoka kwenye foromali, au kupita hapo kidogo. Tanga kuukuu la marekani hunyooka na kutepeta, tumbo likateleza nyuma. Hapo nguvu ya tanga haivuti tena mbele, inavuta ubavuni na kukilaza chombo. Unaweza ukachora mstari wa mkaa kutoka foromali hadi ukingo wa nyuma, katikati ya tanga, ili umbo lionekane wazi hata kwa asiyezoea.

Kurudisha tumbo mbele kunaanza na kamba za kufungia tanga kwenye foromali. Zitazame kwa makini. Kama kati ya fundo na fundo tanga linalegea na kuacha mianya, upepo unavuja pale pale ambapo ungefanya kazi kubwa zaidi. Funga upya, mafundo yakaribiane shubiri moja au zaidi kidogo, na kabla ya kufunga livute tanga kwa nguvu kuelekea ncha zote mbili za foromali. Mvuto huo peke yake huhamisha tumbo. Ukivuta ukaona mikunjo mirefu sambamba na foromali, umezidisha, legeza kidogo.

Baadaye ndipo fundi wa matanga aitwe, na umpelekee foromali yako pamoja na tanga, si tanga peke yake. Ukingo unaofungwa kwenye foromali hukatwa ukiwa na mviringo, na mviringo huo ndio unaoingia ndani kuwa tumbo. Foromali ikipinda inaula mviringo, tanga likawa bapa. Ikiwa ngumu, tumbo lote linabaki. Fundi asiyejua foromali yako inapinda kiasi gani anabahatisha tu. Itundikeni kwa kamba pale inapotundikwa siku zote, ncha zining'inizwe viroba vya mchanga, mpime inavyopinda, ndipo akate. Najua mafundi wengine watacheka. Acha wacheke, pima.

Foromali yenyewe iwe nene katikati na nyembamba nchani. Ncha ya juu ikiwa nyepesi na yenye kunepa, upepo wa ghafla ukipiga inapinda, ukingo wa nyuma unafunguka juu na chombo kinapumua badala ya kulala. Ikiwa laini kupita kiasi, tanga la juu halifanyi kazi yoyote ila kupapatika. Kamba inayoishika foromali kwenye mlingoti ikazwe. Foromali inayocheza mbali na mlingoti hubadilisha umbo la tanga kila wimbi linapopita. Na kamba za kuushika mlingoti upande wa joshi zikazwe upya kila mnapopindua, hata kama mmechoka.

Demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, ndiyo gia ya chombo, na wengi wanaivuta mno. Bandika vipande vya utepe wa kaseti, kama bado unapata kaseti, au uzi wa sufu, kwenye ukingo wa nyuma wa tanga. Vikipepea moja kwa moja kwenda nyuma, upepo unatoka vizuri. Vikijificha nyuma ya tanga, upande wa demani, umevuta kupita kiasi: legeza kiganja kimoja, utazame tena. Bandika vingine pande zote mbili za tanga, kama sentimita 30 nyuma ya foromali. Vya upande wa joshi vikianza kucheza hovyo, umekwenda juu mno. Vya upande wa demani vikicheza, uko chini mno, au demani imekaza. Vyote vikilala pamoja, hapo ndipo pa kubaki. Nahodha mzoefu atasema shavu lake linamtosha kuujua upepo, na kweli linamtosha, lakini kijana anayefundishwa usukani hana shavu hilo bado.

Tanga la pamba likimwagiwa maji, nyuzi huvimba na kuziba matundu, upepo usivuje sana. Kwa tanga la turubai la plastiki au la viroba vilivyoshonwa pamoja, maji ni uzito tu. Kuhusu matanga ya viroba niseme wazi: nayaheshimu kwa sababu yanawalisha watu, na kwa upepo wa nyuma yanafaa, lakini yanavutika kwa mshazari na hayashiki umbo. Kama una pesa za kitambaa kizuri cha nusu tanga, nunua tanga dogo la kitambaa kizuri. Kusi ikikaza utalihitaji hata hivyo, maana chombo kinachobisha kikiwa kimelala sana kimeshaacha kubisha.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nadhani lingebadilisha vyombo vingi vya pwani yetu kuliko jingine lolote, na linalofanywa mara chache: ubao wa ubavuni. Waholanzi, ambao bahari yao ya Wadden hupwa ikaacha matope matupu, walijenga vyombo vya mizigo vya chini bapa vilivyoweza kukaa juu ya matope hayo. Chombo cha namna hiyo hakina mkuku wa maana. Basi wakaning'iniza ubao mkubwa kila ubavu, wakishusha ule wa upande wa demani wanapobisha na kuuinua wanapofika penye kina kifupi. Ng'ambo nyingine ya dunia, wenyeji wa pwani ya Ekwado na Peru walichomeka mbao katikati ya magogo ya vyelezo vyao vya balsa. Thor Heyerdahl alipovuka Pasifiki na Kon-Tiki mwaka 1947 alikuwa nazo mbao hizo, lakini hakujua kuzitumia kuongoza. Mwaka 1953 alizijaribu huko Ekwado, akaona kwamba kwa kuzishusha na kuziinua, chelezo kinaweza kwenda hata dhidi ya upepo. Chelezo! Mwenye mashua asikate tamaa.

Kwetu, penye miamba, fungu la mchanga na kupwa kwa maji karibu mita 4 wakati wa bamvua, ubao unaoinuka unafaa kuliko mkuku mrefu. Mkuku mrefu utakusumbua kila siku pwani kwa ajili ya saa chache za kubisha. Kutoboa chini ya chombo ili kupitisha ubao katikati ni kazi nzuri kwa chombo kipya, lakini kwa chombo kikuukuu ni kujitafutia uvujaji.

Ukubwa wake uukadirie kwa tanga. Sehemu iliyo chini ya maji iwe kama asilimia 4 ya eneo la tanga. Tanga la mita za mraba 15 linataka ubao wa mita za mraba 0.6 majini, yaani upana wa sentimita 40 na kina cha mita moja na nusu. Unene uwe kama sentimita 4. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo, ukingo wa nyuma uchongwe uwe mwembamba, na unene mkubwa uwe karibu theluthi moja kutoka mbele. Hapa msifanye uvivu. Ubao wa mraba uliotoka kwenye msumeno unazuia kuteleza, kweli, lakini unavuruga maji na kuburuta, na hivyo unakunyang'anya mwendo uliokuwa unautafuta. Siku moja ya randa na msasa inatosha.

Usipige msumari wala bolti yoyote mwanzoni. Funga ubao kwa kamba kwenye boriti imara inayotoka ubavu hadi ubavu, upande wa demani, ili maji yenyewe yaukandamize kwenye chombo. Ukae sambamba na mkuku, au ukingo wake wa mbele uingie ndani nyuzi 2 au 3. Funga kamba ya pili ya kuuinua kutoka nyuma, ili ukigusa mwamba upige kurudi nyuma na kupanda, usivunjike. Anza ukiwa nyuma kidogo ya mlingoti, kisha jaribu kuusogeza mbele na nyuma, ukisoma mshipi wa tezi na kuusikiliza usukani. Ukipata mahali pake, weka alama, kisha ndipo umwite seremala. Nguvu inayokuja hapo si ndogo. Boriti nyembamba itakatika, na itakatika siku ya upepo mkali.

Usukani unakupa taarifa nyingine. Kana ikikuvuta kidogo, chombo kikitaka chenyewe kupanda upeponi, ni vizuri, kwa sababu msukani uliogeuzwa nyuzi 3 hadi 5 unasaidia kuzuia kuteleza na kukulinda ukiacha kana kwa bahati mbaya. Ukilazimika kuishika kwa mikono miwili, msukani umekuwa breki. Sogeza uzito nyuma, au ubao nyuma, au foromali mbele kidogo. Kama kinakimbia upepo, fanya kinyume chake, na usilichukulie jambo hilo kwa wepesi. Chombo kinachokimbia upepo chenyewe hakisameheki usiku.

Uzito nao uwekwe mahali pake. Lamu, wakati wa mashindano, utawaona vijana wamekaa juu ya ubao uliotokeza nje upande wa joshi, miguu ikining'inia juu ya maji, wengine wakitambaa mbele na nyuma kadiri upepo unavyopungua na kuongezeka. Hawafanyi maonyesho. Chombo kilichosimama kina ubavu mrefu zaidi ndani ya maji na tanga lililo wima. Kilicholala kimepoteza vyote viwili. Mvuvi hana vijana kumi, lakini ana samaki, barafu, nyavu na viroba vya mchanga. Vihamishie joshini, visogee karibu na katikati kwa urefu, na uiondoe nanga na amari kule omoni: uzito wa nchani hufanya chombo kichimbe kila wimbi. Farumi ya mawe ikae chini kabisa na ifungwe. Viroba vihamishwe kabla tanga halijajaa upande mpya, kwa sababu uzito uliosahaulika upande wa demani ndio unaopindua vyombo.

Wenye ngalawa mambo yao ni tofauti kidogo. Gogo la mwembe lililochongwa mviringo halina kitu cha kushika maji; kinachoshika ni ile mbao ya pembeni iliyoinamishwa. Hiyo ya upande wa demani iguse maji na kukata, isizame. Ikizama ikaanza kuburuta, mtu mmoja ahamie joshini mara moja. Utepe wa ubao mgumu chini ya gogo, kina cha vidole vinne kutoka mbele hadi nyuma, husaidia na hauzuii kuvutwa pwani. Na wale wenye mashua za kisasa za matanga mawili, kwao kipimo cha mshipi ni kile kile. Waanze na kamba ya waya ya mbele inayobeba tanga dogo, maana ikilegea hakuna kingine kitakachosaidia.

Mkondo niliuahirisha. Chombo kinachoupanda upepo kwa noti 2, kikipingwa na mkondo wa noti 1, kinabaki na 1. Mkondo huo huo ukikisaidia, kinapata 3. Ni mara tatu, na hukugusa tanga wala ubao. Kwa hiyo ratiba ya kupwa na kujaa ina thamani kuliko foromali mpya. Mkondo ukiwa dhidi yako, bisha karibu na ufuo au nyuma ya fungu, ambako mkondo ni dhaifu; ukiwa wako, toka nje kwenye kina. Toka mapema pia: alfajiri, upepo wa umande ukitoka nchi kavu, anayeshuka kusini kando ya pwani ya magharibi ya Unguja mara nyingi hupata upepo wa ubavuni kwa saa mbili tatu kabla kusi haijakaza. Saa hizo usizilale. Wakati wa maji mafu mkondo wa kupwa na kujaa hupungua, na safari ndefu ya mbisho ni bora ingoje siku hizo kama inaweza kungoja.

Kupindua kwenyewe kwa tanga letu ni gharama. Foromali haina budi kusimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, kwa hiyo tunapindua kwa damalini, tukigeuka na kuupa upepo mgongo, na kila mara tunapoteza sehemu ya tulichopanda. Basi safari za upande mmoja ziwe ndefu, mizunguko iwe michache. Pindua upepo wenyewe unapohama na kuishusha omo yako, si kwa sababu umechoka kutazama kisiwa kimoja. Gawanyeni kazi kabla: mmoja kwenye kana, mmoja kwenye demani, wawili kwenye ncha ya chini ya foromali, na mmoja wa kuinua ubao wa ubavuni na kushusha mwingine. Pindueni upepo ukipungua, na muache nafasi kubwa kuliko mnayodhani mnaihitaji. Mkiona mawimbi yanavunjika mwambani upande wa demani na bado mnajadiliana kama mpindue, mmeshachelewa: shusheni tanga, tieni nanga, halafu mjadiliane.